Maji ya Naivasha, maji ya Kilindini: nani atafundishwa kusoma grafu?

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waripoti shuleni Januari mwaka huu wa 2026, wazazi wananiuliza swali lile lile, wa huku Nakuru na wa kwetu Mombasa. "Mwalimu, mtoto wangu yuko Essential. Ndiyo kusema ametupwa?" Wengine huja na kinyume chake: "Yuko Core. Ataiweza kweli?" Ni maswali ya haki. Lakini bado sijapata mzazi wa kuniuliza swali ambalo mimi naliona kubwa zaidi: ndani ya hizo hisabati mbili mna nini, na mtoto atatoka akiweza kufanya nini?

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha hisabati katika shule ya kutwa huku kaunti ya Nakuru. Naandikia watu wa kwetu kwa sababu jambo hili linatuhusu sawasawa na wenyeji wa Bonde la Ufa, na kwa sababu naona mjadala wote umesimama kwenye majina ya masomo. Nataka tuliangalie kupitia mada moja tu: kuchora na kusoma grafu. Ukiielewa mada hiyo, utajua ni nini mwanao anaweza kupata na ni nini anaweza kukosa.

Kwanza tukumbushane tulifikaje hapa. Mpango wa awali wa sekondari pevu ulikuwa hisabati iwe ya lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa STEM peke yao, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wale wa Sayansi za Jamii na wale wa Sanaa na Michezo wangeweza kuiacha kabisa. Walimu, wahadhiri na wazazi wakapiga kelele. Aprili 2025, Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba hisabati itabaki ya lazima kwa wote, ila itakuwa ya aina mbili. Wa STEM watasoma ile ya kina, ambayo walimu na watoto huiita Core. Wa mikondo mingine miwili watasoma nyepesi zaidi, ambayo jina lake ni Essential.

Mimi niliufurahia uamuzi ule, na bado naufurahia. Kumwachia mtoto wa miaka 15 aiage hisabati moja kwa moja kungekuwa hasara ambayo angeitambua akiwa na miaka 30. Lakini kulifanya somo liwe la lazima ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba kilichobaki ndani ya somo jepesi ni kile ambacho raia hawezi kuishi bila kukijua. Hapo ndipo grafu inapoingia.

Tuanze na neno linalowatisha watu: fankisheni. Fikiria mashine ya kusaga mahindi. Unatia mahindi juu, unga unatoka chini. Ukitia kilo mbili leo na kilo mbili kesho, mashine nzima itakupa unga ule ule. Fankisheni ni mashine ya namba. Unaipa namba moja, inakurudishia namba moja, na kila ukiipa namba ile ile jibu halibadiliki. Nauli kwa umbali, bili ya stima kwa matumizi, deni kwa miezi iliyopita, yote ni fankisheni. Grafu ni picha ya mashine hiyo ikifanya kazi: kilichotiwa kinasomwa kwenye mhimili wa chini, kilichotoka kinasomwa kwenye mhimili wa wima.

Chukua mfano wa mkulima wa Njoro. Ana waya wa mita 80 na anataka kuzungushia boma la ng'ombe lenye pembe nne, huku upande mmja ukiegemea ukuta uliopo tayari. Tuite upana wa boma x. Pande mbili za upana zinakula mita 2x, na zilizobaki, 80 kutoa 2x, ndizo urefu. Eneo la boma basi ni x mara (80 − 2x). Tujaze jedwali. Upana ukiwa mita 5, eneo ni mita za mraba 350. Ukiwa 10, ni 600. Ukiwa 15, ni 750. Ukiwa 20, ni 800. Ukiwa 25, linarudi 750. Ukiwa 30, ni 600, na ukiwa 35, ni 350.

Hebu ziangalie namba hizo. Zinapanda, zinafika kilele, zinashuka kwa ngazi zile zile zilizopandia. Ukizitia kwenye karatasi ya miraba na kuziunganisha kwa mkono mlaini, unapata mstari uliopinda kama tao la mlango wa zamani wa Mji wa Kale. Kilele kiko kwenye mita 20. Mkulima haitaji kubahatisha: waya ule ule, akiupanga vizuri, unampa mita za mraba 800, na akiupanga vibaya unampa chini ya nusu ya hizo. Na kama anahitaji mita za mraba 600 tu, anapiga mstari ulionyooka kutoka kwenye 600. Mstari huo utalikata tao mara mbili, kwenye 10 na kwenye 30. Yaani kuna njia mbili za kupata eneo lile lile, moja ya boma refu jembamba na moja ya boma lenye upana zaidi, na uamuzi ni wake.

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wa kidato cha nne wamekutana nalo kwenye KCSE kwa miaka na miaka. Karatasi ya hisabati ina sehemu ya pili yenye maswali manane, mtahiniwa anachagua matano, kila moja lina alama 10. Mara nyingi mojawapo huwa la grafu: jaza jedwali, chora, kisha tumia grafu yako kutatua mlinganyo. Walimu tunalipenda swali hilo kwa sababu ni alama za uhakika. Jedwali ni hesabu ya kawaida, na kuchora ni usafi wa mkono na penseli iliyochongwa.

Na hapo ndipo pana kasoro ninayoiona kila muhula. Wanafunzi wengi huchora vizuri, na akili yao ikaishia hapo. Muulize kijana aliyechora tao zuri kabisa, "Haya, hapa juu mkulima anafanya nini?" Atakuangalia kana kwamba umemsemesha kwa lugha nyingine. Amefundishwa kwamba grafu ni mchoro wa kupatia alama. Hajafundishwa kwamba grafu inasema jambo. Tatizo hili lilikuwapo kabla ya CBE, na linaweza kuingia nalo ndani ya mfumo mpya tusipolisema mapema.

Sasa ndugu msomaji, unaweza kuniuliza: hata asiposikia grafu inasema nini, atakufa? Ngoja nikupeleke Naivasha.

Oktoba na Novemba 2025, maji ya Ziwa Naivasha yaliingia katika mtaa wa Kihoto. Maelfu ya watu walihama, wengine wakatolewa kwa mashua ndani ya mitaa waliyokuwa wakipita kwa bodaboda. Nyumba za kupanga, mashimo ya vyoo, maduka, vyote vikawa ndani ya maji. Haikuwa mara ya kwanza kwa maziwa ya Bonde la Ufa. Tangu mwaka 2010 hivi, Baringo, Bogoria, Nakuru na Naivasha yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru, ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa, lilitanuka kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi karibu 70 katika muda wa mwongo mmoja. Maji yalimeza lango kuu la mbuga. Heroe, ndege waliolipa ziwa lile jina duniani, wakahamia kwingine, kwa sababu maji mengi ya mvua yalipunguza magadi na mwani wanaoula. Baringo, hoteli, shule na zahanati zilizama.

Watu waliojenga Kihoto hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho yao kwamba ziwa liko mbali. Mwaka 2009 Ziwa Naivasha lilikuwa limerudi nyuma sana, na aliyenunua ploti wakati ule alinunua ardhi kavu. Lakini kumbukumbu za kiwango cha ziwa hilo zinarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa juu. Katikati ya miaka ya 1940 likawa limeshuka mno. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena. Likashuka, likapanda kidogo na mvua za El Niño za 1997 na 1998, likashuka tena hadi 2009, kisha ukaanza mpando tunaouona sasa.

Weka habari hiyo yote kwenye karatasi moja ya grafu, miaka chini, kimo cha maji kwa wima, na mtoto wa Gredi ya 10 aliyefundishwa vizuri atakuambia jambo ambalo dalali hakumwambia mnunuzi: ziwa hili lina tabia ya kwenda na kurudi, na mahali unaponionyesha palishawahi kuwa chini ya maji. Lakini ukimkatia grafu hiyo, ukamwonyesha kipande cha mwaka 1998 hadi 2009 tu, ataona mstari unaoteremka na kuamini kwamba ziwa linakauka daima. Kipande hicho si cha uongo. Namba zake zote ni za kweli. Uongo uko kwenye kukata.

Katika hisabati jambo hili lina nafasi yake. Kila fankisheni ina eneo lake la kuanzia na la kuishia kwenye mhimili wa chini, na mwanafunzi huambiwa, "chora kuanzia x = −3 hadi x = 4." Wengi huandika tu, hawajiulizi kwa nini hapo na si kwingine. Mimi siku hizi huwauliza: ungeishia 2, ungejua kwamba mstari unageuka? Ni swali la dakika mbili. Lakini ni swali lile lile ambalo familia ya Kihoto ilihitaji kumuuliza aliyewauzia ploti.

Tuje kwetu sasa. Kama mtoto wa Nakuru ana ziwa, mtoto wa Pwani ana bahari, na bahari ndiyo mwalimu bora wa grafu niliyewahi kumfahamu. Katika kidato cha nne kuna mada ya grafu za mawimbi, zile za sine na kosine. Wanafunzi wa bara huziogopa kwa sababu hawaoni zinatoka wapi. Mtoto wa mvuvi wa Shimoni au Faza amekua nazo. Anajua maji hujaa na kupwa. Anajua kwamba kesho yatajaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kuliko leo. Anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu. Anajua pia kwamba maji huenda mbio katikati ya safari yake na hupoa yakikaribia kujaa kabisa, mpaka yakasimama, halafu yakageuka. Hayo yote ni grafu. Kilichobaki ni kuiweka kwenye karatasi.

Tuchukue siku moja ya mfano. Kimo cha katikati cha maji ni mita 2, na yanapanda na kushuka mita 1.5 kutoka hapo. Basi yakijaa ni mita 3.5, na yakipwa ni nusu mita. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Tuseme saa kumi na mbili asubuhi maji yako katikati na yanapanda. Robo ya mzunguko ni saa tatu na dakika sita, kwa hiyo yatajaa saa tatu na dakika sita asubuhi. Yatapwa kabisa saa tisa na dakika kumi na tisa alasiri.

Sasa swali la mtihani, ambalo pia ni swali la nahodha: jahazi lenye shehena linahitaji angalau mita 2.75 za maji kupita mlangoni. Lipite saa ngapi? Unapiga mstari ulionyooka kwenye 2.75. Unaukata mkunjo wa wimbi mara mbili, saa moja na dakika mbili, na saa tano na dakika kumi. Kati ya hapo jahazi linapita. Nje ya hapo litakaa mchangani. Ni hesabu ile ile ya mkulima wa Njoro na waya wake: mstari mmoja ulionyooka, mkunjo mmoja, sehemu mbili za kukutana. Mtoto akishaona kwamba boma na mlango wa bahari ni jambo moja, hisabati inaacha kuwa rundo la fomula.

Na bamvua je? Jua lina wimbi lake, la saa 12 kamili. Mwezi una wake, wa saa 12 na dakika 25, nao ndio wenye nguvu zaidi. Mawimbi haya mawili yakipanda pamoja, tunapata bamvua. Moja likipanda wakati jingine linashuka, tunapata maji mafu. Yanapishana hivyo na kukutana tena kila siku 15 kasoro kidogo. Mwaka 1872, mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyojumlisha mawimbi ya namna hii na kutabiri kujaa na kupwa kwa maji bandarini kabla ya siku zenyewe kufika. Majedwali ya maji yanayotumiwa Kilindini leo yanatoka katika hesabu hiyo hiyo. Wazee wetu waliyajua matokeo kwa kuuangalia mwezi. Mjukuu wao anastahili kuyajua kwa mwezi na kwa karatasi pia.

Tatu, tuguse mfuko. Mtu akikopa shilingi 10,000 kwa riba ya 10 kwa mia kila mwezi, mwezi wa kwanza anadaiwa 11,000, iwe riba inahesabiwa juu ya deni la awali tu au inajiongeza juu ya deni lote. Mistari miwili inaanza pamoja na huwezi kuitofautisha kwa jicho. Baada ya miezi sita, wa kwanza uko 16,000 na wa pili 17,716. Baada ya mwaka, wa kwanza uko 22,000 na wa pili umefika karibu 31,384. Mmoja ni mstari ulionyooka, mwingine unapinda kwenda juu na hauna kilele. Aliyewahi kuichora mistari hiyo kwa mkono wake haisahau. Atakapoletewa mkopo kwenye simu, atauliza swali moja la msingi: unaongezeka kwa mstari gani?

Nimeleta mifano hii yote kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja ulio wa mhandisi peke yake. Mnunuzi wa ploti, nahodha, mfugaji, mkopaji, hawa ni watu wa mikondo yote mitatu. Kwa hiyo kama grafu itafundishwa kwa kina kwenye Core tu, na kwenye Essential ikapitishwa juu juu, tutakuwa tumegawa nchi kati ya wanaosoma mkunjo na wanaosomewa. Na anayesomewa humwamini anayemsomea, awe dalali, mkopeshaji au mwanasiasa mwenye bango la rangi.

Wako wanaonijibu kwamba si kila mtoto ana kichwa cha hisabati, na kwamba kumbebesha msanii au mwanasheria mtarajiwa mzigo wa fomula ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kila mtoto afanye hesabu za juu za kutafuta eneo chini ya mkunjo. Lakini mwanasheria wa kesho ndiye atakayesimama mahakamani kubishana kuhusu mpaka wa ziwa au wa ufuo. Mwandishi wa habari ndiye atakayetuletea grafu ya bei ya unga. Msanii atalipwa kwa namba za wasikilizaji zinazopanda na kushuka. Hao wote wanahitaji kujua mambo manne tu, na wayajue barabara: mihimili inapima nini na inaanzia wapi, grafu imekatwa wapi, mstari unapanda kwa kasi gani, na wapi unageuka. Mambo manne yanaingia ndani ya Essential bila kumchosha mtoto yeyote. Yanachohitaji ni mwalimu, penseli na karatasi ya miraba.

Kwa upande wa pili liko swali la nani atapata Core. Serikali imesema inalenga wanafunzi 60 kwa kila 100 wawe mkondo wa STEM. Ni lengo zuri kwenye karatasi. Lakini shule za sekondari pevu zimepangwa kwa makundi, C1 hadi C4, na shule za kutwa za vijijini ndizo zilizo chini. Huko ndiko wanakoenda watoto wengi wa wazazi wasio na karo ya bweni, Bonde la Ufa na Pwani vilevile. Shule ikiwa na mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato viwili vilivyobaki vya 8-4-4 pamoja na Gredi ya 10 mpya, na hali hiyo itaendelea mpaka KCSE ya mwisho mwaka 2027, mwalimu huyo atachagua njia ya kupumua. Njia hiyo mara nyingi ni kuwaelekeza watoto kwenye kilicho chepesi. Mtoto atahesabiwa kwamba amechagua, kumbe amechaguliwa na upungufu wa shule yake.

Hata hivyo, anayesema shule za kutwa haziwezi hajafika Njoro. Huko kuna kijiji kinachoitwa Pwani, naam, Pwani, mbali kabisa na bahari, na ndani yake shule ya Keriko Mixed Day. Mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani iliyotolewa Dubai Machi 2019, ya dola milioni moja. Dunia ilimpigia makofi kwa sababu alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Mimi kama mwalimu wa somo lile lile niliangalia kitu kingine. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Darasa lilikuwa na wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Yeye na wenzake wanne wakawapa watoto walioachwa nyuma masomo ya ziada ya hisabati na sayansi wikendi, wakawafuata mpaka majumbani. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 walienda vyuoni. Mwaka uliofuata walienda 26. Timu ya shule hiyo ikafuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya mwaka 2019 kule Arizona, Marekani, na kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu.

Funzo la Keriko si kwamba tungoje kila shule ipate mtu wa namna hiyo. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa mishahara ya walimu wenye huruma. Funzo ni kwamba watoto wale hawakukosa kichwa. Walikosa saa za mwalimu, na walipozipata wakapanda. Kwa hiyo mjadala wa Core na Essential, ukiuvua nguo zake, ni mjadala wa walimu: wangapi wameajiriwa, wamepelekwa wapi, na wana muda gani wa kukaa na mtoto aliyekwama.

Basi wazazi wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, nawaomba muhula huu mwende kwenye mikutano ya shule na maswali matatu. La kwanza: shule hii ina walimu wangapi wa hisabati walioajiriwa na TSC, na kila mmoja ana vipindi vingapi kwa wiki? La pili: mtoto aliye Essential akionyesha uwezo, mlango wa kwenda Core uko wapi na unafungwa lini? La tatu: onyesheni daftari la mwanangu, grafu aliyochora mwisho ilikuwa ya nini? Jibu likiwa ni "ya y na x tu," mwambieni mwalimu kwa adabu kwamba jedwali la maji ya Kilindini lipo, na atakayelileta darasani watoto watamshukuru.

Kwa walimu wenzangu, tusingoje semina. Huku Nakuru nimeshaanza kutumia vimo vya maziwa badala ya mifano ya vitabuni, na nyuso darasani hubadilika mtoto anapotambua kwamba mstari ule unapita karibu na nyumba ya shangazi yake. Kwa wabunge wetu, sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa, na kura ya bajeti ya walimu inapita mikononi mwenu. Basari mnazozigawa mbele ya kamera hazitamsaidia mtoto aliyelipiwa karo akaingia darasa lisilo na mwalimu.

Mwaka 2028 hawa wa Gredi ya 10 watakuwa wanamaliza shule. Wengine watanunua ploti, wengine watakopa, wengine watapiga kura wakionyeshwa grafu za kila rangi. Tuna miaka mitatu kasoro ya kuwafundisha kuuliza: na kabla ya hapo ulipoanzia, mstari ulikuwa wapi?